Nyumba inatajwa milioni 120, uanze na ngapi? Njia tatu za kukata bei, zikilinganishwa

Matangazo ya nyumba Dar es Salaam hayakosi maneno mawili mwishoni: "maongezi yapo". Muuzaji na mnunuzi wote wanajua kwamba bei iliyotajwa si bei ya kuuziana. Kinachowakwamisha wanunuzi ni maongezi hayo yaanzie wapi. Ukitaja ndogo mno, mwenye nyumba ananuna na dalali anaacha kupokea simu yako. Ukitaja kubwa, anakubali kabla hujamaliza kusema, na wiki nzima utajiuliza umemwachia shilingi ngapi.

Wengi hutafuta asilimia ya kushika: "toa kumi", "anza na nusu". Asilimia peke yake haina kichwa wala miguu, kwa sababu inahesabiwa kutoka kwenye namba aliyoitunga mtu mwingine kwa sababu zake. Punguzo lenye nguvu ni lile ambalo unaweza kuitaja sababu yake mbele ya muuzaji bila kumung'unya maneno. Sababu hutofautiana, ndiyo maana njia nazo ni zaidi ya moja. Hapa nalinganisha tatu: kuanza chini sana, kukata kwa hesabu, na kukaribia bei huku ukidai masharti.

Zote nitazipeleka kwenye nyumba moja ya mfano, ili isionekane nimeipendelea mojawapo. Iko Kinyerezi, ina vyumba vitatu, kimoja masta, kiwanja cha mita za mraba 500. Bati ni la msauzi lakini upande mmoja limeanza kuvuja, fensi ya nyuma haijakamilika, shimo la choo limejaa na linahitajika jingine. Inatajwa milioni 120. Nyumba hii nimeibuni, na namba zake ni za kuonyeshea hesabu tu.

Mambo ya kupima kabla ya kutaja namba yoyote

La kwanza ni nani ameitaja hiyo bei. Huenda mwenye nyumba alisema milioni 105, na hiyo 15 ni cha juu cha dalali, yaani nyongeza anayojiwekea mwenyewe, au cha madalali watatu waliopokezana. Ukifanikiwa kukata milioni 10 utaondoka na furaha, kumbe mwenye mali hajapunguza hata senti; umebishana na dalali juu ya fedha ambayo haikuwa ya nyumba. Dalali anastahili malipo yake, sina ugomvi naye. Ila kabla ya kutaja dau, omba kukaa na mwenye nyumba ana kwa ana, na uliza mbele ya wote wawili: kamisheni iko ndani ya bei au nje? Jibu la swali hilo hupunguza bei kuliko mabishano ya nusu siku.

La pili ni nyumba za aina hiyo zimeuzwa kwa ngapi mtaa huo. Nimesema zimeuzwa, si zinatangazwa kwa ngapi. Tangazo ni ombi. Bei zilizolipwa kweli utazipata kwa mthamini aliyesajiliwa anayefanya kazi eneo hilo, kwa mtu aliyenunua karibu, na kwa viongozi wa mtaa walioshuhudia mauziano. Mafundi nao wanajua mengi, maana ndio huitwa kukarabati mara baada ya nyumba kubadili mikono.

La tatu ni haraka ya muuzaji. Anayetafuta ada, fedha za matibabu au za kumaliza deni la benki hafanani na mstaafu anayepima upepo tu aone watu watasema ngapi. Dalili ziko wazi ukiangalia: tangazo limekaa muda gani, bei imeshabadilika mara ngapi, nyumba ina mtu au imefungwa.

La nne ni fedha yako iko katika hali gani. Taslimu iliyopo benki ina uzito mmoja, mkopo unaosubiri kupitishwa una mwingine, na malipo ya mafungu yana wake. Muuzaji huwa tayari kuachia kidogo ili apate mapema.

La tano ni karatasi, na hapa naomba tusielewane vibaya. Aina ya karatasi ni sababu halali ya bei kutofautiana: nyumba yenye hati ya miaka 99 haiwezi kuwa bei moja na yenye leseni ya makazi, wala hiyo haiwezi kulingana na ile yenye mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa tu. Kasoro katika karatasi ni jambo jingine. Muuzaji ambaye mwenzi wake hajaridhia wakati nyumba ni ya ndoa (Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza kuiuza peke yake), nyumba ya marehemu isiyo na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kiwanja kilichomo ndani ya hifadhi ya barabara: hayo hayana punguzo. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, zilibomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi. Aliyenunua pale kwa nusu bei na aliyenunua kwa bei kamili walisimama mbele ya kifusi kilekile. Kasoro za namna hiyo ama muuzaji azirekebishe kwanza, ama uondoke.

La mwisho ni dogo, lakini husahaulika: baada ya kuuziana mtaishi vipi? Kama muuzaji anabaki na nusu ya kiwanja, au ni shangazi wa mkeo, maneno utakayosema leo utakuwa unakutana nayo getini kila asubuhi.

Njia ya kwanza: kuanza chini sana

*Inavyofanyika.* Kwenye nyumba yetu unataja milioni 80, yaani theluthi nzima chini, ukijua utapanda ngazi kwa ngazi hadi 95 au 100. Ndiyo njia ya aliyelelewa na maduka ya Kariakoo, ambako shati la elfu 40 hununuliwa elfu 18 na wote wawili mkaachana mkicheka. Tofauti ni kwamba mwenye duka ana mashati mengine mia. Mwenye nyumba ana moja, na huenda aliijenga tofali kwa tofali kwa miaka kumi.

*Faida.* Bei ikiwa imejaa cha juu, au ikiwa muuzaji ameipanga kwa kusikia kwamba jirani "aliuza mia na ishirini", dau la chini sana linaitingisha na kuonyesha sakafu iko wapi. Linafaa pia kwenye nyumba iliyokaa sokoni muda mrefu, ambapo mwenyewe ameshachoka kuwapitisha watu vyumbani. Na kwenye maboma ambayo hayajaezekwa, bei nyingi ni jumla ya saruji, nondo na mchanga alizolipia mjenzi, pamoja na kiwanja, bila kupunguza chochote kwa kuta zilizonyeshewa misimu minne. Hapo kushuka sana si utovu wa adabu.

*Hatari.* Ya wazi ni kumuudhi mtu. Isiyo wazi ni kwamba ukianza 80 ukaishia 100, umemfundisha muuzaji kuwa namba zako hazina ukweli. Utakaposema "hapa ndipo mwisho", kwa nini akuamini?

Kuna hatari nyingine, inayokuja pale dau linapokubaliwa. Nyumba ya milioni 120 ikitolewa kwa 80, tena kwa sharti la kulipa kesho, jiulize kwa nini. Sheria yenyewe ina kipimo chake cha bei ya chini inayotia shaka. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999, benki ikiuza nyumba ya mdaiwa kwa bei iliyo asilimia 25 au zaidi chini ya wastani wa bei ya mali zinazofanana sokoni, inachukuliwa kwamba imekiuka wajibu wake hadi ithibitishe vinginevyo. Kenya nayo iliweka kipimo hichohicho katika Sheria yake ya Ardhi ya 2012. Kanuni hiyo inaihusu benki, haikuhusu wewe unayenunua kwa mwenye mali, na inapimwa kwa bei ya soko, si kwa bei iliyotajwa. Lakini inakupa picha: ukivuka robo chini ya thamani ya kweli, umeingia eneo ambalo ndugu, wadai na mahakimu huanza kuuliza maswali. Na ukinunua mali ya mnada wa benki kwa bei ya namna hiyo, tegemea mdaiwa kuisaka mahakama.

*Inamfaa nani.* Mwenye taslimu, mwenye nyumba nyingine tatu za kuangalia, asiyeumia hii ikimponyoka. Anayenunua apangishe yuko vizuri hapa kuliko anayetafuta pa kulala watoto wake. Haimfai kabisa anayenunua kwa ndugu au jirani.

Ukiichagua, angalia ulimi. "Nyumba yenyewe hii haifiki hata themanini" ni tusi. "Mzee wangu, nyumba nimeipenda, ila uwezo wangu unaishia themanini" ni habari kuhusu mfuko wako, na mzee anaweza kuikataa bila kukufukuza. Ukianza na shikamoo na ukakaa ukanywa maji uliyoletewa, hata namba mbaya husikilizwa hadi mwisho.

Njia ya pili: kukata kwa hesabu

*Inavyofanyika.* Unaisahau bei iliyotajwa kwa muda. Unaanza na bei zilizolipwa kweli: tuseme nyumba tatu zinazofanana na hii, zikiwa katika hali nzuri, zimeuzwa kati ya milioni 108 na 116. Chukua 112. Sasa mlete fundi apite nyumba nzima na akuandikie gharama. Bati la upande unaovuja milioni 5, kumalizia fensi 3.5, shimo jipya la choo 2.5. Jumla 11. Kwa hiyo nyumba hii, ilivyo leo, ina thamani ya milioni 101 hivi kwako.

Unaanza na 98 na kujiwekea kikomo cha 104, kwa sababu unaipenda na shule iko karibu. Ukiangalia sasa asilimia, 98 ni pungufu ya 18 kutoka bei iliyotajwa na 104 ni pungufu ya 13. Asilimia imekuja mwisho, kama matokeo.

Ubora wa njia hii uko kwenye ukaguzi, kwa hiyo ukaguzi usiwe wa kutembea sebuleni na kusifia vigae. Nenda masika, kati ya Machi na Mei, mvua ikinyesha au imetoka kunyesha. Dari itakuambia yenyewe, na barabara ya kuingilia nayo itakuambia kama gari linapita. Fungua chemba. Uliza maji ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, au ya kisima, na kama ni kisima yaonje, kwa sababu sehemu nyingi za Dar yana chumvi. Tazama mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, iko kwa jina la nani na kama ina deni. Uliza stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, maana malimbikizo yatakusubiri wewe siku ya kuhamisha jina. Kila unachokikuta kina bei, na bei hiyo unaweza kuitaja.

Yapo pia ambayo hayahesabiwi. Rangi ya kuta, makabati usiyoyapenda, jiko dogo kuliko la dada yako: hizo ni kasoro za ladha. Muuzaji anajua ungepaka rangi hata kama angekuwa ameipaka jana.

*Faida.* Haimdhalilishi mtu, kwa kuwa mnabishania bati na si utu wa mwenye bati. Inakupa kikomo ambacho hakibadiliki kwa sababu dalali amenong'ona kwamba "kuna mteja mwingine anakuja saa kumi". Halafu inakuruhusu kupanda kwa hatua zinazofupika: 98, kisha 101, kisha 103. Muuzaji mzoefu akiona hatua zinapungua anaelewa mwisho umekaribia bila wewe kuapa kwa jina la mtu.

Kwa anayenunua kwa mkopo, benki inamsaidia bila kukusudia. Itatuma mthamini wake, na itakopesha kwa kufuata tathmini hiyo, si maelewano yenu. Mthamini akisema 100, pengo lolote linatoka mfukoni mwako. "Mama, benki imeishia hapa" ni sentensi ngumu kuijibu, na haimuudhi mtu yeyote aliyepo chumbani. Kumbuka tu kwamba benki itataka hati. Nyumba yenye karatasi ya mtaa peke yake mara nyingi haipiti.

*Hatari.* Inachukua muda na fedha. Wakati fundi wako anapanda darini, mwenye taslimu anaweza kulipa. Pia orodha ya kasoro, ikisomwa kama mashtaka, inachoma. Mzee aliyeijenga nyumba kwa kiinua mgongo hataki kuhesabiwa makosa tisa na kijana aliyefika jana. Taja mawili makubwa, yenye karatasi ya fundi, mengine yaache yakusaidie kimyakimya kwenye hesabu yako.

Na jiandae na hesabu ya upande wa pili, maana muuzaji naye anayo: "Mimi hapa nimetumia milioni 150." Huenda ni kweli. Waliojenga kidogokidogo hulipa ghali kuliko waliojenga kwa mkupuo, na gharama za mtu si bei ya soko. Usimbishie. Mwambie unaheshimu alichotumia, kisha rudi kwenye zile nyumba tatu zilizouzwa.

*Inamfaa nani.* Familia inayonunua kwa mara ya kwanza. Mwenye mkopo. Na hasa ndugu aliyeko Muscat, London au Minneapolis anayenunua kupitia mtu aliyeko nyumbani: mara muuzaji anaposikia fedha inatoka nje, bei hupata homa. Ripoti ya mthamini inazungumza kwa niaba yako bila kujua unaishi wapi, na inampa binamu yako anayekuwakilisha kitu cha kushika zaidi ya imani.

Njia ya tatu: kukaribia bei, kisha kudai masharti

*Inavyofanyika.* Unataja 115, pungufu ya asilimia nne tu. Muuzaji anatabasamu. Ndipo unapotoa orodha: atengeneze bati, amalizie fensi na kuchimba shimo kwa gharama zake, au kiasi hicho kikatwe kwenye malipo, alipe malimbikizo yote, tangi la maji, viyoyozi na geti vibaki, ahame kabla ya tarehe fulani, na sehemu ya fedha ibaki kwa wakili hadi funguo zikabidhiwe. Wewe utalipa yote kupitia benki mara upekuzi, yaani ukaguzi wa kumbukumbu za umiliki kwenye ofisi ya Msajili wa Hati, utakapotoka safi.

Piga hesabu uone. 115 ukitoa ukarabati wa 11 ni 104, kikomo kilekile cha njia ya pili. Tofauti ni kwamba muuzaji anaweza kuwaambia wanawe na majirani kwamba ameuza 115. Kwa wauzaji wengi hilo lina thamani kubwa kuliko wanavyokiri.

Sharti lenye fedha nyingi kuliko yote ni kodi, na ajabu ni kwamba watu hufika kwa wakili bila kulizungumza. Ushuru wa stempu, asilimia moja, kwa desturi ni wa mnunuzi: kwenye 115 ni milioni 1.15. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji. Kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida aliyopata, na tangu 2023 mtu asiye na kumbukumbu za gharama anaweza kutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ipi kubwa. Kwenye nyumba yetu hiyo asilimia 3 ni karibu milioni tatu na nusu. Muuzaji akikuambia "hayo ya TRA utajua mwenyewe", yaani ya mamlaka ya mapato, amepandisha bei kwa kiasi hicho bila kugusa namba mliyopatana.

Mtu atakushauri muandike bei ndogo kwenye mkataba ili kodi ipungue. Achana na hilo. Kwanza ni udanganyifu, na serikali inaangalia thamani iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Pili, mauziano yakivunjika ukadai fedha zako, mkataba unaosema milioni 60 utakusaidia kudai milioni 60.

*Faida.* Ni ya haraka na haina majeraha. Palipo na wanunuzi wengi ndiyo njia pekee inayokuacha mezani.

*Hatari.* Masharti ya mdomo ni hewa. Ukikubali 115 leo kwa ahadi ya bati kesho, bati hilo halitakuja. Kama haikuandikwa na hakuna fedha iliyozuiwa, hesabu kwamba umelipa 115. Pia ukikaribia bei mapema, huna pa kurudi upekuzi ukionyesha kitu kibaya, isipokuwa uwe umesema tangu mwanzo kwamba dau linategemea matokeo ya upekuzi na ukaguzi. Na arabuni, malipo ya awali ya kuonyesha nia, kile ambacho mjini hukiita kishika uchumba, isitangulie upekuzi hata kwa siku moja, hata dalali akilia machozi.

*Inamfaa nani.* Anayetaka nyumba ile na si nyingine, kwa sababu ya shule, mama mgonjwa au kazi. Anayenunua penye ushindani, kama nyumba yenye hati kando ya lami Sinza au Mbezi Beach. Anayenunua kwa ndugu. Hawa wote milioni tano za mabishano haziwalipi wanachokipoteza.

Walioko Kenya wana jambo la kuongeza hapa. Mijini ushuru wa stempu ni asilimia 4, si 1. Kwenye nyumba ya Nairobi ya shilingi za Kenya milioni 12 hiyo ni 480,000 juu ya bei, na desturi ya kulipa asilimia 10 wakati wa kusaini inakubana mapema. Kikomo chako kihesabu hayo kabla hujamwandikia muuzaji barua ya ofa.

Kwa hali yako

Njia zote tatu zinaweza kukufikisha kati ya milioni 100 na 104 kwenye nyumba yetu. Zinatofautiana kwa unachohatarisha njiani: ya kwanza uhusiano, ya pili muda, ya tatu fedha.

Kama nyumba imekaa sokoni miezi mingi, imefungwa, na dalali anakupigia yeye, anza chini. Robo chini ya bei iliyotajwa si dhambi hapo, mradi uwe umeshajua nyumba za jirani zimeuzwa ngapi.

Kama ndiyo nyumba yako ya kwanza na fedha ni ya miaka ya akiba au ya mkopo, kata kwa hesabu, hata ukiambiwa wengine wanakuja. Ukiikosa kwa sababu mwingine alizidi kikomo chako, kikomo kimefanya kazi yake.

Kama muuzaji hana shida na wanunuzi wako kwenye foleni, usipoteze siku kwa 80. Taja karibu na bei, fedha iwe tayari, na nguvu zako zote ziende kwenye masharti na kodi.

Kama muuzaji ana shida kweli, mgonjwa hospitalini au mtoto anayerudishwa nyumbani kwa ada, unaweza kumbana na ukapata. Mimi ningetaja bei ya hesabu na kulipa haraka, kwa sababu mauziano ya mtu aliyebanwa ndiyo yanayofufuliwa na ndugu mwaka unaofuata. Kila mtu na dhamiri yake.

Kama ni boma, sahau bei ya saruji. Thamini kiwanja kama kiwanja kitupu, kisha ongeza kile tu ambacho fundi wako atakubali kukijengea juu yake. Zikiwa kuta zimefikia renta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, lakini zimepasuka, kuna mafundi watakaokuambia ni nafuu kubomoa.

Na kama ni nyumba ya mirathi, bei haishuki kwa asilimia, inashuka kwa migao. Warithi watano wanaotaja 120 kila mmoja ameshaiona 24 yake mkononi, na pengine ameshaitumia. Ukisema "punguzeni 20" wanasikia kubwa. Ukisema kila mmoja atapata 20 badala ya 24, ndani ya wiki mbili, bila kusubiri mteja mwingine, unaongea lugha wanayoihesabu. Usizungumze na mrithi mmoja mmoja. Uliza nani ni msimamizi, ona barua yake ya mahakama, kisha mpe yeye dau lako kwa maandishi likiwa na tarehe ya kuisha, ili kikao cha familia kiwe na kitu cha kujibu na siku ya kujibu.